Bati Namba Kumi

Kisimba mwanangu,

Sanduku lako limefungwa, na dada yako Feza amekwisha kukuimbia yote ya kukuimbia: maji ya kunywa yachemshwe, chandarua kisiachwe kikining'inia tu, baiskeli usimwazime mtu. Sina la kuongeza hapo. Ukiumwa tumbo kwa maji machafu utakuwa umejitakia, na utapona. Mimi nakuandikia juu ya kitu ambacho ukikikosea hupati nafasi ya kupona.

Barua hii naiweka juu ya mashati ili uione kabla treni haijafika Nyunzu. Ningekupa hapa nyumbani ungekuja kubishana nami, na katika kubishana unanishinda, kwa sababu una sauti ya Papa yako na mimi nikisikia sauti hiyo nalegea. Ndani ya treni hutakuwa na wa kubishana naye. Soma tu.

Tangu Jumapili hatusemezani vizuri. Nasikitika kwa hilo, lakini sijutii nililokuambia. Ulirudi kutoka kuangalia kile kiwanda cha mawese cha yule tajiri mnayemwita Patron, kule nyuma ya Kabalo, ukiwa na baiskeli mpya aliyokupa na mdomo umejaa habari. Tulikuwa mezani, bukari bado ni ya moto sahanini. Ukamwambia Papa yako kwamba wana tangi la mvuke refu kama behewa, kazi ya Waingereza, vipimo vyote vya inchi, na kwamba hakuna mtu pale anayeweza kuzisoma karatasi zake za michoro ila wewe. Papa yako alifurahi hata akasahau kula. Kisha ukasema, huku unacheka, kwamba juu ya supape wamefunga kipande cha reli kwa waya.

Kwa kuwa Feza aliuliza supape ni nini, ulimweleza vizuri: ule mlango mdogo juu ya tangi, unaojifungua wenyewe mvuke ukizidi, ili tangi lisipasuke. Na kipande cha reli? Ukasema ile supape ilikuwa inafunguka mapema mno, mashine za kukamua zinapoteza nguvu, basi wakaitia uzito ili inyamaze. Papa yako alicheka. Wewe ulicheka pia, lakini uliacha kucheka kabla yake, ukatazama sahani. Mimi nilikuwa mbele yako, nikaona.

Nikakuuliza, "Ulimwambia Patron?"

Ukasema, "Mama, kazi sijaanza hata. Nikisha kuzoeana nao, njo nitasema."

Hapo nikakuambia usiende. Na wewe ukanijibu maneno ambayo Feza alinyanyuka kukusanya sahani ili asiyasikie. "Mama, unataka nibaki hapa nikitengeneza vidude vya sikukuu mpaka nizeeke? Ile mashini ya Papa ilikuwa ya kuchezea. Hii njo kazi."

Sikulala kwa hasira. Halafu hasira ikapoa, nikabaki na lile neno lingine: nikisha kuzoeana nao. Hilo neno nalijua. Nilishalisema mimi, si kwa mdomo lakini moyoni, nikiwa na umri mkubwa kuliko wako na cheo kikubwa kuliko chako. Nataka nikueleze lilivyokwenda, maana hadithi hii umeisikia kwa Papa yako tu, na Papa yako huisimulia kwa kuchekesha watu.

Unajua kwamba alikuwa fundi wa kuchonga vyuma katika ateliye, karakana ya reli, na mimi nilikuwa dada wa mashini ya kuandika katika biro ya ateliye hiyo hiyo. Wakati ule mashini za moshi zilikuwa zinaondolewa moja moja, zinaletwa za diseli. Kila moja iliyosukumwa kwenye majani nyuma ya ateliye, Papa yako alikuwa kama amefiwa. Akaapa atatengeneza moja ya kuweka mezani, inayokwenda kwa mvuke wa kweli, hata kama ni ndogo kama mbuzi.

Tatizo halikuwa mikono. Tatizo lilikuwa karatasi. Mfanyabiashara mmoja aliyevuka kutoka Kigoma alimuuzia mama mkubwa wako vikombe, na vikombe vilifungwa kwa kurasa za gazeti la Kiingereza. Katika ukurasa mmoja mlikuwa na mchoro wa injini ndogo, vipande vyote, kila kimoja na kipimo chake. Papa yako aliunyoosha ule ukurasa kwa pasi. Lakini vipimo vilikuwa vya inchi, na kila kimoja kina mkia: tatu ya nane, saba ya kumi na sita. Vifaa vya ateliye vilikuwa vya milimita kuanzia keekee mpaka rula. Alijaribu kugeuza kwa kichwa, akaharibu silinda mbili, akanijia bironi saa ya chakula ameshika kofia. Akasema, "Weye unajua kuandika Kifaransa kizuri. Huko Ulaya hawakosi watu wa milimita wanaotengeneza hivi vitu. Utafute."

Nikatafuta. Mwanangu, wewe umekua plani za milimita zikiwa zimetundikwa ukutani, huwezi kujua ilivyokuwa kuzipata. Niliandika barua kwa kila anwani niliyoiona nyuma ya gazeti lolote la mapadri. Duka moja la Ubelgiji lilijibu kwamba wanauza treni za watoto za umeme, kama tunapenda. La Ujerumani lilituma kitabu cha picha, kizuri mno, chote Kijerumani, na Papa yako alikipitisha ateliye nzima hata kikarudi cheusi kwa grisi. Wengine walitaka tulipe kwa njia ambayo posta yetu haijawahi kuisikia. Wengi hawakujibu. Nilikuwa nakwenda posta kila treni ya barua ikifika, na yule wa dirishani alianza kutikisa kichwa kabla sijafika kwake.

Mwishoni padri mmoja alinipa anwani ya mzee wa Kibelgiji aliyewahi kufanya kazi katika ateliye yetu zamani, mji wetu huu ukiitwa bado Albertville. Huyo alijibu. Alijibu kwa kurasa nyingi, akauliza hali ya kila mashini kwa namba yake. Na baada ya miezi likaja sanduku. Ndani mlikuwa na silinda ya kuchonga, gurudumu zito, fimbo za pistoni, misumari midogo ndani ya bahasha, na plani ya milimita, safi, kila kipande na namba yake. Papa yako aliipeleka hata kwa watu wasiojua kusoma plani. Nilijiona nimeleta mvua.

Lakini vile visanduku, kama unavyojua, huja bila tangi. Tangi kila mtu hujitengenezea. Mzee hakuwa na plani ya tangi ya milimita, akatupa nakala ya ile aliyokuwa nayo, ya Kiingereza. Akaandika chini: mgeuze wenyewe, ni hesabu rahisi.

Na ilikuwa rahisi kweli. Mimi ndiye niliyegeuza. Urefu, upana, matundu, yote nilizidisha, nikahakiki, nikapiga kwa mashini katika safu nzuri. Chifu wa ateliye alipopita na kuiona ile karatasi aliinyanyua mbele ya watu wote wa biro akasema, "Huyu njo enjenieri wetu." Waliniita hivyo mpaka jioni. Nilipenda. Nilikwenda nyumbani nikipita njia ndefu.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo Papa yako huruka. Unene wa mabati katika ile plani haukuandikwa kwa inchi. Uliandikwa kwa namba tupu. Tangi: kumi. Mimi nilijua kumi ni nini, kila mtu katika ateliye yetu alijua. Mtu wa depo, yule mtunza stoo, alikuwa anaandika unene wa kila bati kwa chaki, na hakuandika milimita kamili. Aliandika sehemu za kumi za milimita, kwa sababu koma ya desimali ya chaki hufutika ukilisogeza bati. Bati la milimita mbili liliandikwa ishirini. La milimita moja na nusu, kumi na tano. Mafundi waliita hivyo siku nzima: nipe ishirini, nipe kumi. Kwa hiyo kumi ilikuwa milimita moja, na mimi nikaandika milimita moja. Papa yako akaenda depo akaomba shaba namba kumi, akapewa, akakata.

Siku moja kabla ya kuliwasha, ilikuwa jioni kama hii, nilikaa kuichora upya ile plani kwa rangi, nimpe chifu. Nilifika kwenye koti la tangi. Lile bati la nje, unalijua, halina kazi ila kufunika na kulinda joto. Namba yake ilikuwa ishirini na mbili. Nikaandika milimita mbili na sehemu mbili, kisha nikasimamisha kalamu.

Koti ni nene kuliko tangi? Chombo kinachobeba mvuke kiwe chembamba, na nguo yake iwe nene zaidi ya mara mbili? Mwanangu, hata mtu asiyejua chuma angeliuliza hilo. Nikaangalia mabati mengine. Yote yalikwenda hivyo hivyo: penye kazi nzito namba ndogo, penye kazi nyepesi namba kubwa. Nikafikiri, labda Waingereza wanahesabu kwa kurudi nyuma. Nilifikiri hivyo waziwazi, kwa maneno haya haya. Sikuwa mjinga wala sikuwa nimelala.

Basi nikaanza kumwandikia yule mzee kumuuliza. Niliandika salamu na nusu ya swali. Kisha nikasikia Papa yako anaimba uani. Alikuwa anasugua tangi kwa mchanga na limau, linang'aa. Kesho yake watu wote wa ateliye walikuwa wanakuja na wake zao, pombe ilikuwa imepikwa, chifu ameahidi kuvaa suti mpya ya abakosti. Jibu la mzee lingechukua miezi. Na kama mimi ndiye ninayekosea? Na kama sikosei, basi enjenieri wao ndiye aliyeharibu shaba yote ile? Nikasema moyoni, tuwashe kwanza. Wakishaona inakwenda, wakishafurahi, nitauliza polepole, na ikibidi tutatengeneza jingine. Nikaifunga ile barua katika droo. Papa yako aliingia akaniuliza kama kuna shida, uso wangu uko namna gani. Nikamwambia nina njaa.

Kuna jambo moja zaidi. Asubuhi yake walilijaza maji na kulisukuma kwa pampu kulipima, kama inavyotakiwa. Kifuniko cha nyuma, kile bapa, kilivimba kidogo. Walipotoa maji hakikurudi. Papa yako alipitisha kidole gumba akasema shaba mpya hukaa hivyo. Akanitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na plani. Nikanyamaza. Hiyo ilikuwa nafasi ya pili.

Wewe ulikuwa mgongoni kwangu, umefungwa kitenge, umelala. Tulisimama nyuma ya Papa yako. Ile injini ilikwenda, Kisimba. Lazima nikuambie hilo pia. Gurudumu lilizunguka, likatulia katika mwendo wake, watu wakapiga makofi, na Papa yako akainama asome manometa, kile kipimo cha mvuke. Alikuwa ameinama hivyo, kwa furaha, pale kifuniko kilipotoka. Sauti haikuwa kubwa. Nilidhani mtu amepasua kitambaa. Mvuke na maji ya moto vilimpata yeye usoni na mkononi, na sisi wawili nyuma yake hatukupata ila matone. Kama asingeinama, mimi na wewe mgongoni kwangu tungekuwa wapi, nimelifikiria zaidi ya inavyofaa.

Mengine unayajua kwa kuyaona kila siku: jicho la kushoto, na ule mkono usiosikia moto, ambao Feza alikuwa akiutumia kutoa viazi majivuni alipokuwa mdogo. Niliimaliza ile barua katika droo, nikaituma. Mzee alijibu haraka kuliko siku zote. Akasema namba za mabati za Kiingereza zinakwenda kinyume, kadiri namba inavyokuwa ndogo bati linakuwa nene; kumi ni zaidi ya milimita tatu. Akaomba radhi kwamba hakutuambia. Yeye ndiye aliyeomba radhi.

Papa yako hajawahi kunilaumu. Bado alikuwa hospitalini, kichwa kizima kimefungwa bendeji, akawaambia wageni, "Bibi yangu alinichemsha kama ndizi." Wakacheka, na tangu hapo ameurudia mzaha huo katika kila harusi na kila msiba. Wewe umekua nao. Nami nimeuchukia miaka yote hii, na ulifikiri ni kwa sababu naona haya kukosea hesabu. Kukosea hesabu sioni haya. Ateliye nzima ingeikosea hesabu ile, kwa sababu ya chaki ya mtu wa depo. Ninachoona haya ni ile jioni. Nilikuwa na shaka mkononi, nzima, imekamilika, nikaificha ili nisiharibu sherehe. Mzaha wa Papa yako hauna hiyo jioni ndani yake, kwa sababu yeye haijui vizuri. Nilimwambia mara moja. Akasema nimejitungia baadaye, kwa uchungu. Alikataa kabisa kuisikia, na mimi nikamwacha.

Ndiyo maana nilianza kutafuta tena, na safari hii kwa ukali. Hakuna karatasi iliyoingia nyumba hii isiyo na milimita juu ya kila bati. Nilirudisha plani mbili kwa posta. Yule mzee alikaa akatuchorea tangi zima kwa mkono wake, kwa milimita, kabla hajafa, na kutoka katika mchoro huo Papa yako, kwa jicho moja, alikufundisha wewe. Lile dude mlilolitengeneza nyinyi wawili nililiogopa na kulipenda. Lilipokokota vigari vyake mbele ya kanisa siku ya sikukuu ya parokia, watoto wakilikimbilia, nilisema sasa limetulipa. Sikumwona Patron amesimama ukutani akiliangalia. Papa yako ndiye aliyekuja kuniambia kwa furaha kwamba kuna mtu mkubwa wa mawese ameuliza, "Huyu mutoto anajua mvuke? Wazee wa mvuke wote wameisha."

Kwa hiyo kazi hii ni mimi niliyekupatia. Nilizitafuta zile karatasi, nikazileta nyumbani, nikakufundisha kugeuza inchi ili usikosee kama mimi, na leo kwa sababu hiyo unaitwa mahali ambapo supape imefungwa waya. Naliona hivyo, na sitaki uniambie sivyo.

Sasa nikuambie nilichofanya leo, ulipokuwa kwa rafiki zako unaaga. Usikasirike mpaka umalize.

Nilivaa kitenge changu cha kanisani, nikaenda kituo cha reli, upande wa mizigo, kwa yule ajenti wa Patron anayepokea madramu ya mawese. Nilikwenda ili wakukatae. Nakuambia wazi. Nilitaka nifike na kelele za mama mwenye wasiwasi, wakuone ni mtoto wa shida, walifute jina lako. Nilijua ungenichukia, nikasema na iwe hivyo.

Alinipa kiti. Ni mtu mpole. Nikamwambia, "Papa, ule muntu alikuwa anachunga moto wa tangi mbele ya mutoto wangu, yuko wapi?"

Akasema, "Aliacha kazi, Mama."

"Alienda wapi?"

"Mi niko muntu wa mizigo tu. Mambo ya kule sijui."

Kijana mmoja alikuwa anaviringisha dramu karibu nasi. Alisimama. Akanitazama mimi, akamtazama ajenti, kisha akaviringisha dramu lake polepole mpaka mwisho wa jengo, na hakurudi kuchukua jingine tulipokuwa tumekaa pale. Nilimngoja. Nilitaka kumuuliza na yeye. Hakurudi.

Basi nikamwambia ajenti habari ya kipande cha reli. Nilisema kwa sauti, wapakizi wasikie. Nikamwambia kwamba mume wangu ana jicho moja kwa tangi dogo la kuweka mezani, na lile la kwao ni behewa zima. Nikamwambia kwamba Kisimba wangu hatawasha moto pale mpaka kile chuma kitolewe, na kama Patron hataki, amtafute mtu mwingine. Ajenti hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alinipa pole juu ya jicho la Papa yako, akanisindikiza mpaka mlangoni, na pale mlangoni akanishika mkono.

Akasema, "Usiogope, Mama. Juu ya maneno haya Patron hatamufukuza mutoto wako. Watu wa ile kazi hawapatikani tena."

Nimerudi nyumbani na maneno hayo. Nimepita kando ya ziwa, nikaona akina mama wanaanua samaki wao wadogo, ndakala, mbio mbio kwa sababu mvua inakuja kutoka ng'ambo, nikasaidia kidogo ili nisifike nyumbani nikiwa na uso ule. Papa yako aliniuliza nilikuwa wapi. Safari hii sikumwambia nina njaa. Nimemwambia yote, na habari ya yule kijana wa dramu, na kauli ya ajenti, na nikamrudishia ile jioni ya zamani kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Kisha akasema, "Lakini mutoto ni mukubwa, Mama Feza. Tutamufunga kamba?" Hatukufungi. Yeye mwenyewe atakubebea sanduku kesho.

Kwa hiyo utakwenda, na mimi sina njia nyingine ila hii karatasi.

Usingoje kuzoeana nao. Ndilo ninalokuomba, na sikuombi lingine, hata kusali ni juu yako. Siku ya kwanza ukishuka, hujala chakula chao, hujapewa kitanda, mwambie Patron mbele ya watu kwamba hutawasha moto kile chuma kikiwa juu ya supape. Siku hiyo wewe ni mgeni tu na mgeni anaweza kukataa. Ukilala pale usiku mmoja wataanza kukuita enjenieri. Watacheka na wewe. Watakuonyesha bila kuficha kwamba mawese ya watu wengi yanakungoja, na ule uzito umekuwepo muda mrefu na hakuna kilichotokea. Watakupenda, Kisimba, kwa sababu unapendeka, na ukishapendwa kile chuma kitakuwa kizito mara mbili kukitaja. Utasema wiki ijayo. Najua utakavyosema, kwa sababu ulicheka Jumapili na ukaacha kucheka, na tangu hapo hujalitaja tena hata kwa Papa yako. Shaka unayo tayari. Unayo nzima, kama nilivyokuwa nayo mimi.

Na huko usiulize yule mchunga moto wa kwanza alikwenda wapi kabla hujaupanda ule ukuta wa tangi ukaangalia mwenyewe kwa macho yako, bati kwa bati. Wakikukataza kuangalia, umepata jibu.

Wakisema hapana, geuka. Baiskeli iache pale pale, usibishane juu ya baiskeli. Panda treni yoyote, hata ya mizigo, hata juu ya magunia. Hapa hakuna atakayekuuliza. Wale wa parokia waliokuaga kwa nyimbo nitawanyamazisha mimi, na Papa yako akianza kutafuta la kuchekesha nitamnyamazisha yeye pia. Utakaa hapa bila kazi, utatengeneza vidude vya sikukuu, utanuna, na mimi nitakupikia bukari kila siku ukiwa umenuna.

Nimesikia umeingia uani sasa hivi. Unamsalimia Papa yako, naye ameanza kukusimulia, nasikia, ile ya ndizi. Sikusikii ukicheka.

Sema siku ya kwanza, mwanangu. Mimi ningeweza kusema jioni ile, nikiwa na kalamu mkononi, na Papa yako mlangoni ananiuliza.

Mama yako